Kutibiwa uraibu na maradhi ya akili huku unalala nyumbani: mwongozo kamili na njia za kulipia

Ukitaja matibabu ya uraibu, wengi hufikiria kufungiwa ndani ya geti miezi mitatu bila simu. Wagonjwa wengi hawahitaji hivyo. Wanahudhuria kliniki, wanameza dawa, wanakaa na mnasihi, kisha wanarudi kulala kwao. Hayo ndiyo matibabu ya nje. Gharama yake ni ndogo kuliko kulazwa, na hayamwachishi mtu kazi wala kumtenga na watoto wake. Udhaifu wake ni kwamba ni ya muda mrefu, na pesa ikikatika njiani, tiba nayo hukatika. Familia nyingi humaliza akiba yote katika mwezi wa kwanza, kisha hukosa nauli ya mwezi wa nne, wakati mgonjwa ndiyo kwanza ameanza kusimama. Panga pesa ya mwaka mzima kabla hujalipa pesa ya wiki ya kwanza.

Hatua ya kwanza: hakikisha ni salama kuacha ukiwa nyumbani

Hili linatangulia bima, miadi na mengine yote, kwa sababu kukosea hapa kunaua.

Pombe, na dawa za kutuliza za jamii ya diazepamu, ni hatari kuziacha ghafla kwa mtu aliyezizoea kila siku. Mwili uliojipanga kuishi na kilevi hubaki umechachamaa kinapoondoka. Kwa pombe, kutetemeka, jasho na kichefuchefu huanza saa 6 hadi 24 tangu unywaji wa mwisho. Degedege likitokea, mara nyingi ni ndani ya saa 48 za kwanza. Siku ya pili hadi ya nne ndipo wengine huchanganyikiwa kabisa: wanaona wadudu ukutani, wanapata homa, moyo unaenda mbio. Hapo panahitajika hospitali usiku huohuo.

Usiache pombe ukiwa nyumbani kama umewahi kupata degedege au kuchanganyikiwa ulipoacha zamani, kama unaishi peke yako, una ujauzito, una ugonjwa mkubwa wa moyo au ini, au una mawazo ya kujiua. Daktari hupima ukali kwa fomu iitwayo CIWA-Ar, yenye vipengele 10 na alama hadi 67. Alama zikiwa chini ya 8 hadi 10, hali huhesabiwa kuwa hafifu. Anayefaa kutibiwa nyumbani hupewa dawa ya kutuliza ya siku chache inayopunguzwa kila siku, huonwa na mhudumu kila siku, na lazima awepo mtu mzima asiyekunywa wa kukaa naye na kutunza hiyo dawa. Dai pia vitamini B1, yaani thiamini. Wanywaji wa muda mrefu huishiwa nayo, na upungufu wake unaweza kuharibu kumbukumbu kwa kudumu.

Aliyezoea diazepamu na ndugu zake hapunguzi kwa siku, anapunguza kwa miezi: asilimia 5 hadi 10 ya dozi kila wiki 2 hadi 4. Mwenye haraka huishia kwenye degedege au hurudi alikotoka.

Heroini na afyuni nyingine, yaani dawa na vilevi vya jamii ya morfini, zina sura tofauti. Arosto ya heroini, yaani mateso ya mwili unapoikosa, huanza saa 8 hadi 24 baada ya kutumia mara ya mwisho na hudumu siku 4 hadi 10. Inatesa: kuhara, maumivu ya mifupa, machozi, kamasi, kukosa usingizi. Kwa mtu mzima mwenye afya ni nadra kuua, mradi anywe maji ya kutosha. Kifo hujificha baadaye. Mwili ukishasafika siku kumi, uwezo wake wa kuhimili umeshuka, na akirudia kipimo chake cha zamani pumzi inakata. Ndiyo maana kusafisha mwili peke yake, bila dawa ya kuendelea nayo, hakuhesabiwi kuwa tiba ya afyuni. Kama ipo naloksoni, dawa inayorudisha pumzi ya aliyezidisha, iwekwe ndani ya nyumba na kila mtu mzima aonyeshwe namna ya kuitumia. Mjamzito anayetumia afyuni asiache ghafla. Atumie methadoni au buprenofini, dawa za kutibu uraibu wa afyuni zilizoelezwa katika hatua ya nne, chini ya daktari.

Anayeacha kokeini au methamfetamini hulala sana, hula sana, na huingiwa na huzuni nzito. Mwili hauko hatarini sana, ila mawazo ya kujiua huja siku hizo. Asiachwe peke yake.

Hatua ya pili: tathmini

Miadi ya kwanza huchukua saa moja hadi moja na nusu. Nenda na dawa zote unazomeza zikiwa kwenye vifungashio vyake, majibu ya vipimo vya zamani, kadi ya bima, na karatasi uliyoandika mwenyewe: unatumia nini, kiasi gani, kwa njia gani, mara ngapi, na mara ya mwisho lini. Taja kiasi cha kweli. Ukipunguza kwa aibu, daktari atakupa dozi ndogo, arosto itakushinda siku ya pili, na utadhani dawa haifanyi kazi.

Utajazishwa fomu. AUDIT ya pombe ina maswali 10: alama 8 na kuendelea ni unywaji wenye madhara, 20 na kuendelea huashiria utegemezi. PHQ-9 hupima sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Alama 10 na kuendelea zinahitaji hatua, na swali la 9, linalohusu mawazo ya kufa, halipaswi kurukwa hata kama jumla ni ndogo. Uraibu wenyewe hupimwa kwa vigezo 11 vya miezi 12 iliyopita: viwili au vitatu ni hafifu, vinne au vitano ni vya kati, sita na zaidi ni mkali. Vipimo vya damu ni vya ini, figo, VVU, homa ya ini B na C, na ujauzito kwa mwanamke.

Jambo moja huwachanganya wengi hapa. Mnywaji akipima sonona akiwa bado anakunywa, alama karibu daima ziko juu, kwa kuwa pombe yenyewe huleta huzuni. Mara nyingi huzuni hiyo hupungua sana ndani ya wiki 2 hadi 4 za kuacha. Kwa hiyo mtabibu mzuri hupima tena baada ya wiki hizo kabla ya kuamua dawa ya muda mrefu, isipokuwa sonona ilikuwepo kabla ya pombe au ni kali mno. Sonona au wasiwasi ukithibitika, utibiwe sambamba na uraibu, mahali pamoja ikiwezekana. Kliniki ikikwambia "acha kwanza ndipo turudi kwenye akili", na kliniki ya akili ikakwambia kinyume chake, tafuta nyingine.

Hatua ya tatu: saa ngapi kwa wiki?

Mpangilio unaotumika sana, ulioandaliwa na chama cha madaktari wa uraibu cha Marekani, hugawa matibabu ya nje kwa saa. Ya kawaida ni chini ya saa 9 kwa wiki, na mara nyingi ni kikao kimoja. Ya kina ni saa 9 hadi 19, kwa mfano siku tatu za saa tatu tatu. Juu ya hapo ni kliniki ya mchana, saa 20 na zaidi, ambapo mgonjwa hushinda huko na kurudi kulala kwao.

Ngazi ya juu hailingani na ubora wa juu. Chagua kwa kuuliza: nyumbani kuna mtu anayetumia? Umewahi kujaribu ngazi ya chini ukashindwa? Kuna ugonjwa wa akili usiotulia? Jibu likiwa ndiyo kwa mawili, anza na ya kina, kisha shuka.

Hatua ya nne: dawa

Wagonjwa wengi hunyimwa dawa kwa hoja kwamba "ni kubadilisha uraibu kwa uraibu". Hoja hiyo imeua watu. Methadoni na buprenofini zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2005, na anayezitumia hupunguza sana uwezekano wa kufa kwa kuzidisha.

Methadoni hunywewa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu. Huanza miligramu 20 hadi 30, hupandishwa taratibu, na wengi hutulia kati ya 60 na 120. Wiki mbili za kwanza ndizo za hatari, kwa sababu dawa hujilimbikiza mwilini: dozi ileile iliyokuwa ndogo Jumatatu inaweza kuwa nzito Ijumaa. Ukiongeza pombe au diazepamu (valiamu) juu yake, pumzi inaweza kukata. Ukiruhusiwa kubeba dozi nyumbani, ifungiwe kwa kufuli. Kiasi cha mtu mzima kinatosha kuua mtoto.

Buprenofini ni kidonge au utando wa chini ya ulimi. Kosa la siku ya kwanza ni kuanza mapema. Dawa hii huifukuza heroini iliyobaki kwenye ubongo, na ukiiweka mdomoni wakati bado umeshiba heroini, unajiletea arosto kali ndani ya saa moja. Subiri angalau saa 12 tangu heroini ya mwisho, na zaidi kama ulikuwa kwenye methadoni. Subiri hadi dalili zionekane wazi: mboni za macho zimepanuka, unapiga miayo, ngozi ina vipele vya baridi. Dozi ya kwanza ni miligramu 2 hadi 4, na baadaye wengi hufika 16 au 24. Lowesha mdomo kwa maji, weka kidonge chini ya ulimi, nyamaza dakika 5 hadi 10 bila kuongea wala kumeza mate ovyo. Ukikimeza, sehemu kubwa inapotea. Kikiyeyuka sukutua kwa maji, na subiri saa nzima kabla ya kupiga mswaki, kwa sababu dawa hii huweza kuharibu meno.

Kwa pombe kuna naltreksoni, miligramu 50 kwa siku, na akamprosati, miligramu 666 mara tatu kwa siku baada ya kupima figo. Naltreksoni haichanganywi na afyuni kabisa. Anayetumia heroini anahitaji siku 7 hadi 10 akiwa safi kabla ya kuigusa. Kwa kokeini na methamfetamini hakuna dawa iliyothibitishwa, kwa hiyo anayekuuzia "dawa ya kukata hamu" ya hizo anakuuzia matumaini.

Dawa za sonona huanza kusaidia baada ya wiki 2 hadi 4, wakati maudhi yake, kama tumbo kuchafuka na kukosa utulivu, huanza siku za kwanza. Yaani unapata taabu kabla ya faida, na ndipo wengi huacha. Ukishapona endelea miezi 6 hadi 12, kisha upunguze na daktari.

Hatua ya tano: vikao

Tiba ya fikra na tabia huwa vikao 12 hadi 16 vya dakika 45 hadi 60. Kikao kizuri hakihubiri. Mnasihi huchukua jioni moja mahususi na kuifumua kinyumenyume: ulinunua saa 2 usiku, saa 1 ulikuwa kituoni, saa 11 rafiki alipiga simu, saa 9 mshahara uliingia, asubuhi uligombana na mwenzio. Kisha mnatafuta kiungo rahisi kukata. Pengine ni mshahara: uingie kwenye akaunti ya dada kwa miezi sita. Hamu yenyewe hupanda kama wimbi na mara nyingi hushuka ndani ya nusu saa, kwa hiyo unafundishwa jinsi ya kuvuka nusu saa hiyo. Ukitoka kwenye vikao vitatu bila zoezi hata moja la kufanya nyumbani, uliza sababu.

Kwa wanaotumia kokeini au methamfetamini, ulizia mpango wa zawadi, ambapo kila kipimo safi cha mkojo huleta tuzo ndogo inayoongezeka. Unaonekana kama mchezo wa watoto, lakini ndio wenye ushahidi mzito kuliko njia nyingine kwa vilevi hivyo.

Hatua ya sita: hesabu ya mwaka

Chukua karatasi. Tuseme umepangiwa matibabu ya kina wiki 12, siku 3 kwa wiki: ziara 36. Kisha wiki 12 za kikao kimoja: ziara 12. Kisha miezi 6 ya mara moja kwa mwezi: ziara 6. Jumla ni ziara 54. Zidisha 54 kwa gharama ya ziara. Zidisha tena 54 kwa nauli ya kwenda na kurudi, na kwa mshahara unaokatwa kila unapokosa kazi. Ongeza dawa za miezi 12, vipimo vya damu vya mwanzo na vya marudio, na vipimo vya mkojo, ambavyo baadhi ya kliniki huvitoza kando kila wiki. Weka pia akiba ya kulazwa siku chache endapo itabidi.

Mara nyingi nauli na siku za kazi huzidi bei ya vikao. Kliniki ya karibu yenye sifa za wastani ikikuwezesha kumaliza mwaka, ina thamani kuliko ya kifahari utakayoiacha mwezi wa tatu. Kwa methadoni ya kila siku hesabu ni kali zaidi: ni safari 365 mpaka uruhusiwe kubeba dozi. Omba vikao viunganishwe siku moja na kuchukua dawa, na vile visivyohitaji ufike mwenyewe vifanyike kwa simu.

Hatua ya saba: nani alipe

Anza na bima, na usitosheke na jibu la "inalipa". Piga simu ukiwa na kalamu, andika tarehe na jina la aliyekujibu, na uulize hivi: Je, uraibu umo, au ni maradhi ya akili peke yake? Ukomo wa mwaka kwa mgonjwa wa nje ni kiasi gani, na umeshatumika kiasi gani? Kuna idadi ya juu ya vikao? Ni kiasi gani ninajilipia kwanza kabla ninyi hamjaanza, na ninachangia nini kila ziara? Kuna kipindi cha kusubiri? Idhini ya awali inahitajika, na ni ya vikao vingapi kwa mara moja? Dawa ninayoandikiwa imo kwenye orodha yenu?

Idhini ndiyo hukwamisha wengi. Hutolewa kwa vikao vichache, kisha huisha kimya kimya, na bili inamrudia mgonjwa. Muulize mhasibu wa kliniki tarehe ya mwisho ya idhini, uiandike kwenye kalenda, na umkumbushe wiki mbili kabla.

Angalia pia ugonjwa gani umeandikwa. Katika ICD-10, mfumo wa Shirika la Afya Duniani wa namba za magonjwa, F10 ni pombe, F11 ni afyuni, F32 ni sonona. Bima isiyolipa uraibu inaweza kulipa sonona iliyo ya kweli na iliyothibitishwa, kwa hiyo hakikisha kila ugonjwa ulionao umeandikwa. Usimwombe daktari aandike usichokuwa nacho. Udanganyifu hufuta bima nzima. Dai likikataliwa, omba sababu kwa maandishi, ambatisha barua ya daktari inayoeleza hatari ya kukatiza tiba, na ukate rufaa kabla ya siku iliyotajwa. Madai mengi hukataliwa kwa sababu ya karatasi iliyokosekana au namba iliyokosewa.

Bila bima, nenda kwanza kliniki za umma. Mipango mingi ya methadoni duniani hutoa dawa bure au kwa mchango mdogo. Katika hospitali ya umma muulizie afisa ustawi wa jamii. Ndiye anayeshughulikia msamaha wa malipo, na mara nyingi hakuna anayekutajia kama yupo. Nenda na uthibitisho wa kipato na idadi ya unaowalea. Kliniki binafsi iulize moja kwa moja: "Mna bei inayopungua kulingana na kipato?" Ipo sehemu nyingi bila kutangazwa. Mwajiri mkubwa huweza kuwa na mpango wa ushauri nasaha wenye vikao kadhaa vya bure. Uliza kwanza nani ataona jina lako. Vyuo vinavyofundisha wanasaikolojia hutoa vikao nafuu vya wanafunzi wanaosimamiwa. Hospitali za dini na mashirika ya misaada ni mlango mwingine. Vikundi kama Alcoholics Anonymous, kilichoanza 1935, na Narcotics Anonymous havitozi ada, na huziba vizuri zile siku za wiki ambazo huwezi kulipia kikao. Lakini kikundi kikikwambia uache dawa ya daktari, hama kikundi.

Kwenye dawa, omba iandikwe kwa jina la kitaalamu badala ya la kibiashara. Tofauti ya bei huwa kubwa. Ukilazimika kulipa kwa awamu, lipa kwa mwezi na udai risiti yenye tarehe ya kila huduma. Usikope kwa riba kulipia tiba ambayo bado hujaijaribu.

Ondoka haraka panapokuwa na haya: wanaahidi kupona kabisa, wanataka pesa ya miezi sita taslimu mapema bila masharti ya kurudishiwa, mtu wa kati analipwa kukupeleka, hawakutajii daktari anayesimamia dawa, au wanamfunga na kumpiga mgonjwa.

Hatua ya nane: ukikosa au ukiteleza

Ukikosa methadoni siku moja, nenda kesho yake kama kawaida na useme. Ukikosa siku 3 mfululizo au zaidi, dozi yako ya zamani si yako tena. Ni lazima mhudumu aishushe au aanze upya. Kuficha siku ulizokosa ili upewe dozi kamili ni njia ya kufa ukiwa usingizini.

Ukirudia kilevi, piga simu kliniki ndani ya saa 24. Usitumie ukiwa peke yako, na usirudie kipimo cha zamani. Kliniki ikufanyie mambo matatu: ipime upya kama kuacha nyumbani bado ni salama, iangalie dozi ya dawa, na ikupandishe ngazi ya saa kwa wiki chache. Mwambie na mhasibu siku hiyohiyo, kwa sababu kupanda ngazi huhitaji idhini mpya ya bima, na vikao vilivyofanyika kabla ya idhini kwa kawaida havirudishwi.